Ukuta wa Gereji kama Zana ya Kufundishia

Kila mwaka, walimu-wanafunzi wanaporejea chuoni kutoka mazoezi ya kufundishia, malalamiko ya kwanza tunayoyasikia ni yale yale: zana hazikuwapo. Picha za shule zilikuwa chache na zimechakaa, karatasi za manila zilikuwa ghali, na kitabu kimoja kiligawanywa kwa watoto wanne au watano. Malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatukusudii kuyabeza. Lakini tungependa katika makala hii kueleza jambo lililotufika sisi wenyewe, wakufunzi, tulipokuwa tukikagua mazoezi hayo katika Wilaya ya Temeke. Jambo hilo lilituonyesha kwamba, pamoja na upungufu wa zana, upo pia upungufu wa macho. Na upungufu huo wa pili ulikuwa wetu.

Mwalimu-mwanafunzi mmoja alipangiwa kufundisha Kiswahili katika Darasa la Tatu. Siku tuliyokwenda kumkagua hatukumkuta darasani. Alikuwa amewatoa watoto ishirini nje, kwa idhini ya mwalimu mkuu, huku mwenzake akibaki na wengine waliokuwa wakifanya zoezi la mwandiko. Hatua mia moja hivi kutoka lango la shule, pasipo kuvuka barabara, kulikuwa na gereji bubu, yaani gereji ya aina ile tuijuayo sote: haina jengo, mafundi wanafanya kazi chini ya mwembe, na magari mabovu yamepangwa hadi kando ya njia. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa umepakwa rangi ya samawati, na juu yake fundi fulani alikuwa amechora lori jekundu likipanda mlima, daladala iliyojaa abiria, pikipiki yenye mpandaji aliyevaa miwani ya jua, tairi moja kubwa na betri inayotoa miale kama jua la asubuhi. Chini ya picha hizo yaliandikwa maneno TUNAZIBA PANCHA, TUNACHAJI BETRI, FUNDI REJETA. Juu kabisa iliandikwa methali: MWENDA POLE HAJIKWAI.

Watoto walikuwa wakisoma ukuta ule kwa sauti. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kiume ambaye, kwa maelezo ya mwalimu wa darasa, alikuwa hajui kusoma hata kidogo. Naye akasimama mbele ya wenziwe akasoma TUNAZIBA PANCHA pasipo kusita. Sisi tulitazamana. Tulidhani, kwa haki kabisa, kwamba mtoto hakuwa akisoma bali alikuwa akikariri maneno aliyozoea kuyasikia kwa mafundi. Mwalimu-mwanafunzi alidhani vivyo hivyo. Akayaandika maneno yale kwenye kibao chake kidogo, akafunika sehemu kwa kiganja na kubakiza silabi mbili, "na" na "zi", kisha akamwuliza mtoto ameona nini. Mtoto akanyamaza. Hakujua.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mwalimu aliyakata maneno yale silabi moja moja: tu, na, zi, ba, pa, n, cha. Akawataka watoto wazichanganye silabi hizo wapate maneno mengine. Wakapata tupa, wakapata bana, wakapata chana, baba, nazi na panzi. Neno "nazi" lilipatikana na yule mtoto mwenyewe, baada ya kusaidiwa mara mbili. Dakika zikawa zimekwisha, watoto wakarudi darasani.

Tulipokaa kujaza fomu ya ukaguzi, tulimpa mwalimu yule alama ndogo katika kifungu cha maandalizi na zana. Sababu tuliyoiandika ni kwamba hakuwa na chati, hakuwa na kadi za silabi zilizoandaliwa, na hatua ya pili ya somo haikufuata andalio neno kwa neno. Fomu ikapelekwa kunakohusika. Ni baada ya wiki kadhaa, tulipokuwa tukijadiliana chuoni sababu za watoto kumaliza darasa la nne bila kumudu kusoma, ndipo tulipokumbuka somo lile, na tukaona kwamba tulikuwa tumemwadhibu mtu kwa kufanya lile tunalolihubiri. Alama zile haziwezi kubadilishwa sasa. Linalowezekana ni kusema wazi kwamba tulikosea, na kueleza kwa nini, ili mkaguzi mwingine asirudie kosa hilo na mwalimu mwingine asiogope kufanya vile.

Kwanza, yafaa ikumbukwe kwamba alilofanya mwalimu yule si uzushi. Kanuni ya kutoka katika lijulikanalo kwenda katika lisilojulikana tunaifundisha tangu muhula wa kwanza. Paulo Freire wa Brazil (1921–1997), aliyefundisha watu wazima kusoma katika mji wa Angicos mwaka 1963, hakuanza na alfabeti. Alianza na maneno yaliyobeba maisha ya wanafunzi wake. Mojawapo la maneno yanayotajwa katika mbinu yake ni "tofali". Neno lilijadiliwa kwanza, likakatwa silabi, na silabi hizo zikazaa maneno mapya. Kwa mtoto wa Tandika, wa Mbagala, wa Tandale au wa Mwananyamala, neno "pancha" lina uzito ule ule.

Kadhalika, Célestin Freinet wa Ufaransa (1896–1966), ambaye mapafu yake yalijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza hata akashindwa kuhutubia darasa kwa muda mrefu, aliwachukua wanafunzi wake wa kijiji cha Bar-sur-Loup katika miaka ya 1920 akatembea nao nje, wakiwatazama mafundi na wakulima kazini. Waliporudi darasani waliandika waliyoyaona, na baadaye wakayapiga chapa kwa mtambo mdogo waliokuwa nao. Maandishi hayo ya watoto yakawa ndiyo kitabu chao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yenye thamani yote hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma, hata akadharau ujuzi wa watu wanaomzunguka. Ukuta wa gereji umechorwa na mtu wa namna hiyo hasa. Pengine elimu yake ilikomea shule ya msingi. Ameupima ukuta kwa macho, amegawa nafasi, amechagua rangi zinazoonekana kwa dereva anayepita, na ameandika tangazo linalosomeka kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtoto akiona mwalimu wake anausimamia ukuta huo kwa heshima na kuuliza maswali juu yake, atakuwa amefundishwa jambo ambalo haliandikwi katika shabaha ya somo lolote.

Pili, tuseme neno juu ya picha zenyewe, maana wapo wanaoziita uchafu wa mji. Sanaa hii ya barabarani ina historia, na historia hiyo inafungamana na usafiri wa Dar es Salaam. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipozidiwa na wingi wa watu, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala", magari hayo yakaitwa daladala. Mwenye gari binafsi alilazimika kugombea abiria, naye akahitaji gari lake litambulikane kwa jina, kwa rangi na kwa usemi. Hivyo methali na misemo ambayo watu wa pwani walizoea kuisoma kwenye kanga ikahamia kwenye vioo na viungo vya magari. Mafundi waliozoea kuandika kwenye magari wakaandika pia kwenye kuta za gereji, za vinyozi, za mama lishe na za maduka ya vipuri. Leo bajaji na bodaboda zimeurithi mtindo huo, na chata la mwenye chombo husomeka hata kwenye kizuia tope.

Aidha, wanaodhani kwamba rangi ya magari haiwezi kuzaa sanaa ya maana wamsome Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu, mzaliwa wa sehemu za Tunduru mwaka 1932, alifika Dar es Salaam kutafuta kazi, akaanza kuchora mwaka 1968 akiwa hana fedha za kununulia vifaa vya wachoraji. Alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, lakini mtindo wake ukaendelezwa na wafuasi wake pale Oyster Bay, ndani ya Kinondoni yetu hii hii, na leo unajulikana duniani kwa jina lake. Fundi wa ukuta wa Temeke anatumia rangi za jamii ile ile. Hatusemi kwamba kila mchoraji wa gereji ni Tingatinga. Tunasema tu kwamba mwalimu asiwe mwepesi wa kuamua ni mkono upi unaostahili kutazamwa.

Tatu, tukija kwenye masomo mengine, ukuta huu una mengi kuliko Kiswahili. Katika hisabati, watoto wa madarasa ya juu waweza kupima kipenyo cha tairi lililochorwa, kisha wakazungushia uzi kupata mzingo. Tairi la kipenyo cha sentimita 56 litawapa uzi wa karibu sentimita 176, nao wataona kwa mikono yao kwamba mzingo ni mara tatu na kidogo ya kipenyo, kabla hawajaambiwa habari za 22/7. Namba zilizopigwa ubavuni mwa tairi halisi, kwa mfano 185/65 R15, ni somo zima la asilimia na vipimo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili husema kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 120.25. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Mafundi huzisoma namba hizi kila siku. Mwanafunzi akimwuliza fundi, fundi naye atakuwa mwalimu kwa dakika tano.

Katika sayansi, rangi ya bodi ya gari inaleta swali la kutu: kwa nini mahali rangi ilipobanduka ndipo chuma kinapoliwa? Mtoto ataelewa kwamba chuma, maji na hewa vikikutana ndipo kutu hutokea, na kwamba rangi haipambi tu, inakinga. Katika jiografia, majina yaandikwayo mbele ya daladala, kama Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Tandika na Makumbusho, pamoja na mistari ya rangi inayotofautisha njia, yatosha kwa watoto kuchora ramani ya mji wao wenyewe. Somo la Sanaa na Michezo, lililomo katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, linapata hapa mfano wa mpangilio, wa herufi na wa matumizi ya rangi ambao hauhitaji kununuliwa.

Sasa tuziangalie hoja zinazopinga, maana ni za haki na mwalimu-mwanafunzi atakutana nazo katika chumba cha walimu siku ya kwanza.

Hoja ya kwanza ni wingi wa watoto. Darasa la watoto mia moja haliwezi kupelekwa barabarani, na anayelipeleka pasipo msaada anayahatarisha maisha yao. Tunakubali. Mwalimu tuliyemkagua alikuwa na mwenzake, alichukua ishirini tu, na hakuvuka barabara. Asiyeweza kupata hata hayo asiwatoe watoto. Awape kazi ya njiani: kila mmoja atazame ukuta mmoja au chombo kimoja anaporudi nyumbani, ayanakili maneno matatu aliyoyaona, ayalete kesho. Mia moja wakileta matatu matatu, mwalimu atakuwa na maneno mia tatu ya kupanga ubaoni, na hakuna karatasi ya manila iliyotumika.

Hoja ya pili ni lugha. Misemo mingine ya magari na kuta ni ya matusi au ya kejeli, hasa kwa wanawake, na tahajia yake mara nyingi ina makosa. Kuhusu matusi, dawa ni moja: mwalimu auzuru ukuta kabla ya watoto, kama apitiavyo kitabu kabla ya somo. Kuhusu tahajia, tunaona makosa hayo ni faida, alimradi yatumike kwa adabu. Fundi akiandika "tunakalabati" badala ya "tunakarabati", watoto wa darasa la tano watapata nafasi ya kujadili sauti za "l" na "r" katika matamshi yao wenyewe, maana wengi wao hutamka vilevile. Lakini mwalimu asiruhusu kicheko. Huenda baba wa mmoja wao ndiye aliyeandika.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Je, picha hizi haziwafundishi watoto kuabudu magari? Zinaonyesha mwendo wa kasi, fedha na vijana wenye miwani. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu atajifunza kutamani asichokuwa nacho, au ataona kazi ya utingo ni bora kuliko kusoma. Hofu hii hatuipuuzi. Hata hivyo, picha hizo mtoto anaziona kila siku, tupende tusipende. Tofauti ni kama ataziona peke yake au ataziona pamoja na mtu wa kumwuliza maswali. Je, katika picha hii nani anaendesha? Kwa nini hakuna mwanamke kwenye usukani? Watembea kwa miguu wako wapi? Mpanda pikipiki huyu amevaa kofia ya kinga? Methali isemayo kwamba mwenda pole hajikwai imeandikwa juu ya lori. Je, madereva wa mtaa wetu wanaifuata? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hataiabudu picha. Zaidi ya hayo, hapo ndipo somo la usalama barabarani linapopata uhai, kwa kuwa kivuko cha pundamilia anachokisoma kitabuni hakipo mbele ya shule yake, bali lori lipo.

Hoja ya nne hutolewa kwa sauti ya chini: kwamba mambo haya hayamo katika mtihani. Jibu letu ni kwamba kusoma kumo. Mtoto asiyeweza kutenga "na" na "zi" hataufikia mtihani wowote akiwa na matumaini.

Mwisho, iko sababu ya kufanya haraka. Kuta hizi hazidumu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe, na kila kilichochorwa kwenye kuta zake kikaenda na kifusi. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, ni msaada mkubwa kwa wasafiri, lakini hayana methali. Huko Kenya, kanuni za Februari 2004 zililazimisha matatu kufuta michoro na kupiga mstari wa njano, na baadaye michoro ikarudi tena. Hatuwaombi wenye mamlaka waache kujenga barabara kwa ajili ya picha. Tunawaomba walimu wazitumie zingali zipo, na watoto wazinakili katika madaftari yao, ambako huenda zikadumu kuliko ukutani.

Kwa walimu-wanafunzi watakaopangiwa shule za Temeke na Kinondoni katika mazoezi yajayo, tunapendekeza mambo haya. Siku ya kuripoti, shukeni kituo kimoja kabla ya shule, mtembee mkiwa na daftari, mkiandika kila neno na picha inayoonekana kwa mtoto wa kimo cha meta moja na robo. Jioni, yachagueni maneno matano yenye silabi zinazozaa maneno mengi. Mwendeeni mwenye ukuta, msalimieni, mwelezeni kusudi lenu na ombeni ruhusa, kwa sababu ukuta ni mali ya mtu na gereji ni mahali pa kazi penye petroli, asidi ya betri na mvuke wa rangi. Mwarifuni mwalimu mkuu. Kisha liandikeni somo hilo katika andalio, na katika nafasi ya zana andikeni bila woga: "Ukuta wa gereji." Sisi tutakaokuja kukagua tutalifuata somo hadi huko, na safari hii tutakaa tusikilize mpaka mtoto aipate "nazi".